Msiba Tuliomficha Mrusha Mkuki

Majina yao yote ninayo. La kiongozi wa msafara ninalo, la katibu wake ninalo, na la yule mama aliyekwenda kama mlezi wa wasichana wakati msichana kwenye timu alikuwa mmoja tu. Wanangu husema nimezeeka, nasahau nilikoweka miwani. Sawa. Lakini jina la mtu likishaingia kichwani mwangu halitoki. Hapa sitayaandika. Wana watoto wanaosoma, na mtoto hachagui baba. Nitaandika waliyoyafanya, kwa mkono wangu huu uliojifunza kuandika kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa na mimba ya mtoto wa tatu.

Mjukuu wangu anarusha mkuki. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, tukamlea mimi na mzee wangu hapa Mkolani. Mzee alikuwa fundi wa mitumbwi, kwao Majita, upande wa Mara, na hata tulipohamia huku Mwanza alikuwa akiitwa kila mwalo wa wavuvi kuziba na kuunda. Mtoto alipoanza michezo shuleni, shule haikuwa na mkuki hata mmoja. Mzee akachukua mti mrefu, akaupiga randa siku mbili, akaupima kwa kuuweka juu ya kidole kimoja mpaka ukatulia bila kuanguka upande wowote. Mtoto alirusha mti ule miaka mitatu kabla hajashika mkuki wa chuma.

Hao wawili walikuwa watani. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu, na mimi ni mke mwenza. Basi nyumba ilikuwa kelele mchana kutwa. Siku ya kuondoka kwenda kwenye michezo, alisimama mlangoni na begi lenye rangi za taifa akaniambia:

"Mke mwenzangu, nakuachia mume. Nikirudi nikute amenenepa."

"Mchukue moja kwa moja," nikamwambia. "Mimi nimemchoka, anakoroma."

Mzee akawa anacheka tu, meno yake matatu yote nje. "Gombaneni. Mimi nangojea zawadi."

Timu yetu ilikuwa ndogo. Michezo yenyewe ni ile mikubwa, nchi nyingi, michezo ya kila aina kwa pamoja. Sisi tulipeleka wachezaji watano. Wakimbiaji wawili, bondia, muogeleaji na mjukuu wangu. Viongozi walikuwa saba. Mwalimu wake wa mkuki, aliyemfundisha bure kila jioni kwenye uwanja wa vumbi, akaambiwa nafasi imejaa. Nililiona hilo, nikalimeza. Nilisema mtoto kapata safari, tusichafue safari.

Jumatatu asubuhi, siku tatu kabla hajarusha, mzee wangu alitoka nje kupiga mswaki. Nikasikia kikombe kimeanguka. Nilipotoka alikuwa amekaa chini, mgongo umeegemea ukuta, kama mtu anayepumzika. Hakuamka.

Sasa niseme ukweli, kuficha msiba ni desturi yetu. Mama yangu alipofariki, mdogo wangu alikuwa kazini Tabora. Tulimpelekea habari kwamba mama anaumwa kidogo, njoo. Akafika akakuta watu wamekaa chini, ndipo akajua. Hatumwambii mtu akiwa peke yake ugenini, tunaogopa ataanguka na hakuna wa kumshika. Kwa hiyo ukoo ulipokaa chini ya turubai na kusema mtoto afichwe kwanza, sikushangaa. Niliitikia mimi mwenyewe. Kwa mdomo wangu.

Lakini kuficha kwetu kuna kazi yake. Unamficha mtu ili afike.

Mwanangu mkubwa ndiye aliyempigia kiongozi wa msafara kumpa habari. Akaweka simu kwenye spika, wazee wote wasikie, akanisogezea mimi niseme.

"Shikamoo, mama," kiongozi akasema.

"Marahaba."

"Pole sana, mama. Taifa zima liko pamoja nanyi."

"Taifa zima halimjui mume wangu. Mjukuu wangu ameambiwa?"

"Hapana, mama. Anarusha Alhamisi. Akijua sasa hivi mkono utalegea. Tumuache arushe kwanza."

"Na akisharusha?"

"Akitoka tu uwanjani namwambia mimi mwenyewe, kama mzazi wake. Ijumaa yumo kwenye ndege, Jumamosi mnaye. Hilo ni neno langu, mama."

Wazee wakatikisa vichwa. Wakasema huyu ni mtu mzima, anajua. Tukapanga kuzika Jumapili, kule Majita, ili mtoto awahi. Kila aliyekuja kutoa pole na kuuliza mbona siku ni mbali hivyo, tulimjibu, tunamngoja mjukuu. Wote walielewa. Babu akifa kwenye ukoo wetu, mjukuu aliyelelewa naye ana kazi yake pale kaburini. Anavaa koti la babu, anashika fimbo yake, analia kama mjane, anawashika wanaume mashati akiwauliza nani sasa atamlisha. Watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Mzee aliyeishi miaka yake akashiba hasindikizwi kwa kilio kitupu. Na kazi hiyo haikopeshwi kwa mtu mwingine, maana utani ule ni wa watu wawili.

Jumatano saa nne asubuhi akapiga simu. Ya picha, ile ya kuonana. Alipiga kwa mama yake mdogo, binti yangu wa mwisho, maana mimi nina kitochi tu. Uani kwetu kulikuwa na watu kama sabini, turubai limetandazwa, kwaya inaimba, wanawake wanalia. Binti yangu akaruka kama aliyekanyaga moto.

"Nyamazeni! Nyamazeni jamani, mtoto anapiga!"

Uliwahi kuona msiba unaambiwa unyamaze? Ulinyamaza. Mama mmoja aliyekuwa katikati ya kilio alijiziba mdomo kwa kanga yake. Nikavutwa hadi uani kwa jirani, nikavuliwa kitambaa cheusi, nikavikwa kitenge cha maua ya njano cha jirani, nikafutwa uso. "Cheka, mama," binti yangu ananiambia. "Cheka kidogo."

Nikacheka. Mungu anisamehe.

"Mke mwenzangu!" akaniita. Nyuma yake nikaona kitanda cheupe na dirisha kubwa. "Kesho ndiyo siku. Mume wangu yuko wapi?"

"Amekwenda Buhongwa," nikasema. "Kwa fundi. Kunoa randa."

"Kesho narusha na yeye anahangaika na randa! Mwambie akininyima salamu, naleta mume wa huku, mrefu, ana gari."

"Nitamwambia."

"Mbona macho mekundu?"

"Moshi. Nachoma dagaa."

Akacheka. Simu ikakatika. Nikakaa juu ya ndoo ya jirani na kitenge chake cha maua, na ng'ambo ya ukuta nikasikia kwaya inaanza tena, polepole, kama gari lililozimika linawashwa.

Alhamisi tulimtazama kwenye simu ya binti yangu, vichwa kumi juu ya kioo kimoja. Mrusho wa kwanza mkuki ulianguka kwa tumbo, ukakataliwa. Wa pili alivuka mstari. Wa tatu ulikwenda vizuri, ulichoma nyasi, nikaujua mkono ule. Lakini wenzake walikuwa wamefika mbali zaidi. Hakuingia fainali. Mambo yote hayakufika saa moja. Tulimwona anafunga begi lake na kuwapungia watu mkono, nikasema moyoni, sasa hivi anaambiwa. Sasa hivi wanamkalisha chini. Nikapiga magoti pale pale nimwombee.

Mchana ukapita, hakuna simu. Mwanangu akampigia kiongozi, haipokelewi. Akapiga tena. Jioni akaandika ujumbe, ukasomwa, haukujibiwa. Ijumaa saa tano ndipo kiongozi akapiga mwenyewe. Spika tena, wazee wote tena, mchungaji naye yupo.

"Mama, kumetokea heshima kubwa sana," akasema.

"Ameshapanda ndege?"

"Sikiliza, mama. Siku ya kufunga michezo kila nchi inapita na bendera yake. Sisi timu yetu ni ndogo, unajua, na dunia inataka kuona wanawake. Tumekaa kikao, tumemteua mjukuu wako abebe bendera ya taifa. Hii ni historia ya familia yenu."

"Kufunga ni lini?"

"Jumatano."

"Jumatano ijayo?"

"Ndiyo, mama."

"Umemwambia kuhusu babu yake?"

"Hatujamwambia bado. Tukimwambia sasa, ile furaha ya kubeba bendera itakwisha. Tumuache apite kwanza."

"Sisi tunazika Jumapili. Uliniahidi."

"Mama, nisamehe kusema hivi, lakini marehemu hana haraka. Msogeze mbele siku chache."

Mbele ya watu wote. Shemeji yangu, mdogo wa mzee, ambaye magoti yake hayamruhusu kusimama bila kushikwa, alisimama peke yake. "Huyu ni mtoto wa nani?" akauliza. "Nauliza, amezaliwa na nani huyu?" Mchungaji akamshika mkono. Simu ilikuwa imekatwa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Sisi tulimficha ili afike. Yeye alimficha ili asifike. Na alitumia desturi yetu kufanya hivyo, akijua tumeshaitikia, tumeshafunga midomo sabini, na ni aibu kuifungua.

Nilitaka aambiwe siku ile ile. Nilisema hivyo, wasije wakasema sikusema. Mwanangu mkubwa akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionikasirisha: "Mama, tukimwambia leo atalia huko peke yake na tiketi wanayo wao. Hatarudi kabla ya wao kutaka. Tutamuumiza bure." Wajomba wengine wakaitikia. Nikamgeukia binti yangu. "Nipigie wewe. Nipe hiyo simu yako." Akaniambia bando limekwisha. Bando lilikuwapo. Nilikuja kujua baadaye lilikuwapo, alikuwa ameambiwa na kaka yake aseme hivyo. Mwanamke wa umri wangu, mjane wa siku nne, nadanganywa kwa bando.

Ningeweza kutoka nje ya geti, nikamshika mtoto yeyote wa jirani mwenye simu kubwa, nikamwambia nitafutie namba hii. Namba nilikuwa nayo kichwani. Sikwenda. Niliambiwa kaa, mjane hazungukazunguki, nikakaa.

Kuhusu kusogeza mazishi, wazee walikataa. Mwili ulikuwa hospitali tangu Jumatatu, ndugu wa Majita walikuwa wamekwishachimba. Jumamosi alfajiri tuliondoka na magari matatu, tukapita Buzuruga stendi ikiwa bado haijachangamka, tukashika barabara ya Musoma. Jumapili tukamzika karibu na maji, mahali alipopachagua mwenyewe.

Koti lake lilikuwa limetandazwa kwenye kiti pale kaburini, fimbo juu yake. Ikafika saa ya mjukuu. Watu wakatazamana. Mjukuu mwingine wa kike, anayekaa Musoma, aliyemwona babu labda mara nne maishani, alisukumwa mbele. Akalivaa koti. Akasema, "Ninyi wanaume, nani atanilisha sasa," kwa sauti ya mtoto anayesoma darasani. Hakuna aliyecheka. Akalivua akalirudisha kwenye kiti, akaenda kusimama nyuma ya mama yake. Simlaumu hata kidogo. Mzee wangu, mtu aliyechekesha mialo yote kuanzia Majita mpaka Mwanza, alishushwa pasipo kicheko hata kimoja. Nilisimama pale nikalitaja jina la yule kiongozi moyoni, na la baba yake, na la kijiji chake, maana nilikuwa nimeshauliza.

Jumatano tulikuwa bado Majita. Jirani mwenye televisheni akaitoa barazani. Nchi zikapita, nyingine na watu mia, wanaimba. Sisi tulipita wanane. Mbele mjukuu wangu na bendera, nyuma yake viongozi saba, kila mmoja ameinua simu anajipiga picha. Wachezaji wengine sikuwaona. Mtoto alikuwa anacheka, anaruka, anaizungusha bendera kichwani. Wanawake wa Majita wakapiga vigelegele, hawakuweza kujizuia, ni mtoto wao.

"Zimeni!" nikasema. "Zimeni hiyo!"

"Lakini mama, ni mwanetu anaonekana duniani."

"Babu yake ana siku tatu ardhini. Zimeni."

Wakazima.

Akafika Mwanza Ijumaa, kwa ndege ya kutoka Dar, peke yake. Viongozi saba walikuwa wametawanyika Dar kila mmoja na njia yake. Hakuna aliyemwambia. Walimwambia tu, familia yako itakupokea. Wanangu walitaka tumpeleke nyumbani kwanza, akae, anywe maji, aitwe mchungaji. Nilikataa. Alipotoka mlangoni anasukuma mizigo, akatuona tumesimama wengi bila mtu kucheka, akaniona na kitambaa cheusi, nikamwambia palepale.

"Babu amefariki. Tumemzika Jumapili."

Hakulia. Alikaa juu ya begi lake. "Jumapili ipi?"

"Iliyopita."

Nikaona anahesabu. "Jumapili walinipeleka madukani," akasema. "Yule mama mlezi alininunulia aiskrimu. Alinishika bega." Akajishika bega lile. "Alijua?"

"Walijua wote."

"Kabla sijarusha?"

"Tangu Jumatatu."

"Na ile siku ulisema yuko Buhongwa."

Wanangu wakaanza, oh, ukoo uliamua, oh, tulihofia. Aliwaacha wakamaliza wote, akaniangalia mimi tu. "Bibi, simu ulikuwa umeishika wewe mkononi," akasema. "Nilikuwa nakuona."

Hilo ndilo nililonalo. Wale saba nawakasirikia, nitawakasirikia mpaka nizikwe, lakini hilo ni langu na sitalitupa kwao.

Mwezi wa pili baada ya hapo kiongozi alikuja nyumbani, amevaa suti, amefuatana na wawili. Walileta sukari, mchele na cheti kilichowekwa kwenye fremu. Walikuwa wamekuja kutoa pole, wakasema, na pia kulikuwa na mashindano mengine karibu, wanamhitaji binti. Akaanza hotuba: nidhamu, uzalendo, taifa. Mjukuu wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele huo huo, hainui kichwa.

"Baba," nikamwambia, "kabla hujaendelea. Ile Ijumaa nilikuuliza kuhusu mazishi. Mwambie huyu mtoto ulivyonijibu."

"Mama, yale yalikuwa mazungumzo ya simu, mtandao ulikuwa mbaya."

"Mtandao ulikuwa mzuri. Tulikuwa watu sabini na tulikusikia. Mwambie."

Akaangalia wenzake, akaangalia cheti. Jasho likamtoka, na hakukuwa na joto siku ile. Mjukuu wangu akaweka ungo chini.

"Mjomba, si lazima," akasema, kwa adabu, bila hata kupandisha sauti. "Niambie jambo moja tu. Ningekataa bendera, mngempa nani?"

"Hatukuwa na mwingine," akasema kiongozi. "Wengine walishaondoka."

"Waliondoka lini?"

Akajibu badala yake yule katibu, kijana asiyejua kunyamaza: "Ijumaa asubuhi, baada ya mashindano yao. Kwa ile ndege ya..." Akakanyagwa mguu.

Ile ndege ya Ijumaa aliyoniahidi. Nafasi ilikuwapo. Sukari niliwarudishia mlangoni, na mchele pamoja na ungo wake, wakaondoka nao, ungo wangu mzuri, sijali. Cheti walikisahau. Kiko chini ya kitanda, kimegeuzwa uso.

Mjukuu wangu bado anarusha. Sasa anakwenda kwa timu ya jeshi, na mwalimu wake yule wa vumbi anakwenda naye, mtoto alilitaka hilo liandikwe kwanza ndipo akaweka sahihi. Alikwenda Majita peke yake mara moja, akakaa siku mbili, alichofanya huko hajaniambia wala sijamuuliza.

Lakini juzi niliwaita wanangu wote, Jumapili baada ya ibada, nikawakalisha. Nikawaambia: mimi nikifa, wa kwanza kupigiwa simu ni yeye. Kabla ya mchungaji, kabla ya ndugu wa Majita, kabla hamjaniosha. Awe uwanjani, awe amekwishainua mkuki, mpigieni. Akiamua kurusha kwanza, ni yeye ameamua. Akianguka, atainuka. Nikawataka warudie mmoja mmoja, kwa sauti, kama darasa la kwanza. Binti yangu akarudia huku analia. Wa kati akarudia. Mwanangu mkubwa, yule mpole, akasema, "Mama, tutaona itakavyokuwa."

Nikamwambia hakuna tutaona. Rudia.

Akarudia. Nilimfanya arudie mara mbili.